Norman Lewis naye alikuwepo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wachoraji wa New York wa miaka ya 1950 imewataja Pollock, de Kooning na Rothko, basi. Norman Lewis hayumo. Najua vitabu vingi vimemruka vivyo hivyo, lakini sioni kwa nini gazeti la Kiswahili nalo limruke.

Lewis alizaliwa Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, mwaka 1909, wazazi wake wakiwa wametoka Bermuda. Alianza kwa kuchora maisha ya mtaani kwake, kisha katikati ya miaka ya 1940 akageukia uchoraji wa dhahania, wa rangi na mistari bila sura za vitu. Aprili 1950 wachoraji wa mkondo huo walipokutana Studio 35, ukumbi wa wasanii hapo New York, kujadili kazi zao, alikaa nao meza moja, mweusi peke yake. Januari 1951 jarida la Life la Marekani likatoa ile picha maarufu ya wachoraji 15 wa kundi hilo. Weupe watupu. Na huyu ndiye ambaye mwaka 1955 mchoro wake wa ndege wanaohama ulipigiwa kura na watazamaji wa maonyesho ya Carnegie, kule Pittsburgh, ukashinda!

Wapo wanaosema kwamba alipoacha kuchora sura za weusi aliwapa kisogo watu wake. Hapo sikubali. Tazameni mchoro wake Evening Rendezvous (Miadi ya Jioni), wa mwaka 1962, uliopo jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Kwa mbali ni nyekundu, nyeupe na buluu, rangi za bendera ya Marekani, utadhani watu wana sherehe usiku. Sogea karibu. Vile vidoa vyeupe ni kofia zilizochongoka za Ku Klux Klan, lile kundi la weupe wabaguzi lililowatisha na kuwaua weusi, wamekusanyika. Wekundu ule ni moto, na buluu ni moshi. Hakuna uso hata mmoja, na mwili unasisimka. Mwaka uliofuata yeye, mchoraji mwenzake mweusi Romare Bearden na wengine wakaunda kundi la Spiral, wajadiliane msanii mweusi ashike nafasi gani katika harakati za haki.

Baadhi ya wenzake weupe walitajirika. Yeye alifundisha hadi alipofariki mwaka 1979, na ilibidi kusubiri hadi 2015 ndipo jumba la sanaa la Pennsylvania Academy, mjini Philadelphia, likaandaa maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Mkiirudia mada hii, uchapeni Evening Rendezvous ukurasa mzima, tena kwa rangi. Kwa nyeusi na nyeupe, bendera haitaonekana.

Msomaji wenu,
Morogoro