Nani aondoe theluji kwenye njia za ziwani?

Mhariri,

Hapa Minnesota, Marekani, wakati wa joto njia za umma za kushushia boti ziwani hupitika bila shida. Ikifika Januari, maziwa yameganda na sisi wavuvi hupita njia hizo hizo kwenda kuvua juu ya barafu, lakini aghalabu kazi ya kuondoa theluji huachiwa yeyote mwenye moyo.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mzee akichimba kwa beleshi ili apitishe kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu. Amelipia leseni ya uvuvi, na kibanda kikilala ziwani nacho hulipiwa leseni yake. Kwa nini achimbe peke yake?

Kule kwenye ziwa la Mille Lacs, wenye hoteli za ziwani husafisha barabara juu ya barafu na kutoza ada. Ni jasho lao, siwalaumu. Lakini asiye na ada apite wapi? Na mtu akizama, waokoaji watapita wapi?

Napendekeza sehemu ya fedha za leseni iwalipe wakandarasi wa kila kaunti wasafishe njia na maegesho. Unene wa barafu kila mmoja ajipimie, angalau sentimita 10 kwa anayetembea kwa miguu. Nasi wavuvi turudi na taka zetu, pamoja na zile mbao tunazoweka chini ya vibanda.

Mvuvi wa majira ya baridi,
Minneapolis