Wazazi wa Chamwino, mtoto akichechemea msikimbilie mafuta

Mbukwenyi wanangu.

Uuguzi nilishastaafu, lakini watoto bado mnaniletea. Juzi kaja binti na kijana wake wa miaka mitano, anachechemea, goti limefungwa kitambaa. "Bibi, kateguka kwenye mpira." Nikalibonyeza goti, mtoto anacheka tu. Nikamlaza chali mkekani, nikaukunja mguu, nikausukuma unyayo nje ili paja ligeukie ndani. Hapo akainua tako na kunidaka mkono. Goti zima, shida ni nyonga. Nyonga ikiuma, mara nyingi mtoto hushika goti au paja, na hata sisi wauguzi tumepotezwa sana hapo.

Yule hakuwa na homa, mafua yalikuwa yamemwisha wiki iliyopita, na alikanyaga. Nyonga kujaa maji baada ya mafua huwapata sana watoto wa miaka 3 hadi 10, nayo hupoa kwa kupumzika, wiki moja au mbili. Bado nilimtuma akapimwe. Vidole vyangu si ultrasaundi.

Ninayemwogopa ni mwenye homa anayekataa katakata kukanyaga. Huenda ana usaha ndani ya nyonga, na usaha hula gegedu la kiungo, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu. Mtoto mchanga hasemi: analia ukimbadilisha nepi, mguu mmoja kaulaza umekunjika, hauchezeshi. Huyo hasubiri Jumatatu wala mnada upite. Ukimpa paracetamoli homa ikashuka, usirudi kulala. Nendeni hospitali, itajeni nyonga kwa mdomo wenu, na mkipewa rufaa ya mjini ondokeni saa ileile. Atapimwa damu, atapigwa picha, pengine kiungo kifunguliwe kisafishwe.

Mwanangu wa tatu nilimkanda siku mbili kwa mafuta ya nyonyo, mimi muuguzi, kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama pembeni. Leo ni baba wa watu, na kiatu chake cha kushoto fundi humwongezea soli.

Mwenye selimundu, au anayekunywa maziwa mabichi zizini, mwambieni daktari bila kuulizwa. Anayechechemea wiki hadi wiki, hata bila homa, apigwe eksirei ya nyonga. Vivyo hivyo aliyeanza kutembea akiwa anapepesuka upande mmoja.

Jioni nipo, isipokuwa siku za kwaya. Ila mwenye homa asipitie kwangu, nitamchelewesha.