Idrisa, Jumapili uje na slipu yako ya mshahara

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.

Mwanangu Idrisa,

Shikamoo yako ya asubuhi nimeiona, marahaba baba. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikikuuliza unaendeleaje, "niko poa mama". Nikiuliza zaidi, "niko kwenye kikao, nitakupigia", na simu hiyo ndiyo imetoka. Barua huwezi kunikatia. Isome ukiwa umekaa chini, sio ukiwa umening'inia kwenye mwendokasi.

Juzi iliniingia meseji kutoka namba ngeni. Salamu hakuna. Jina lako limeandikwa lote, mpaka la babu yako, kwamba wewe ni mdaiwa sugu, umetoroka na fedha za watu, na mimi umenitaja kuwa mdhamini, kwa hiyo nikuambie ulipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yako itasambazwa. Nilikuwa na mteja mbele yangu, nampima mabega. Nikamaliza kumpima, nikaandika vipimo kwenye daftari, nikamuaga, ndipo nikaisoma tena. Haikupita nusu saa shangazi yako wa Tandika akapiga, naye kapata. Baada ya shangazi, yule fundi aliyetuwekea bomba la maji. Hata sijui namba yake ulikuwa nayo ya nini.

Hasira nilikuwa nazo, zimeshaisha. Na uliponijibu usiku ule, japo kwa shida, nimekuelewa: kwenye simu waliandika mkopo wa laki mbili, ikaingia laki na nusu, na ndani ya wiki mbili wanataka laki mbili na elfu sitini. Huku kwetu tunaita kausha damu. Nilidhani ni ya akina mama wa sokoni tu, wale wanaowekesha friji na godoro. Kumbe siku hizi imeingia kwenye simu, inawakuta hata wenye digrii na tai shingoni.

Mdogo wako Mwajuma ndiye aliyenikalisha akanieleza. Ukishaipakua ile programu na kuiruhusu, inachota majina yote uliyoyahifadhi. Akanisomea kwamba Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, Novemba 2024, na hiyo ya kwako tumeikuta humo. Akanisomea pia kwamba wakopeshaji wadogo wenye leseni wamewekewa kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Nikachukua kalkuleta yangu ya kupigia hesabu za vitambaa. Asilimia 3.5 ya laki mbili ni elfu saba. Elfu saba, Idrisa, kwa mwezi mzima. Wewe umebebeshwa laki na elfu kumi kwa wiki mbili.

Zile meseji usizifute, na mimi za kwangu ninazo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake ipo, kwa hiyo mtu anayemtangazia fundi bomba habari za deni lako ana pa kushtakiwa. Lakini usije ukajificha nyuma ya sheria. Ile laki na nusu umeila, na dawa ya deni ni kulipa.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapo ndipo tatizo lilipozaliwa.

Ulipopata kazi, baba yako alitoka kibarazani akawaambia majirani mtoto analipwa laki saba. Mtaa mzima ukashika hiyo laki saba. Hakuna aliyeuliza inayobaki ni ngapi, na wewe hukusema. Nimekaa na Mwajuma tumepiga, naye hesabu anaziweza kuliko mimi. NSSF asilimia 10, imekwenda elfu sabini. Kodi, kwa viwango vya sasa, elfu arobaini na mbili. Bodi ya Mikopo, ule mkopo wa chuo, asilimia 15, laki na elfu tano. Hujagusa hata shilingi, imebaki laki nne na themanini na tatu elfu. Toa elfu tisini ya chumba, na huyo mwenye nyumba wako wa Kimara anataka ya miezi sita kwa mpigo. Toa laki na nusu unayotuma nyumbani. Inabaki kama elfu nane kwa siku, na humo kuna nauli ya kwenda Posta na kurudi, chai, chakula cha mchana, LUKU, bando na sabuni. Mbona hukondi, nilikuwa najiuliza. Kumbe ulikuwa unakonda, ila unakuja nyumbani umevaa shati la mikono mirefu.

Na bado michango. Harusi ya binamu yako umechukua kadi ya dabo, laki moja, wakati hata wa kwenda naye huna. (Kama yupo, hiyo ni habari nyingine, na ningependa kuisikia mimi kabla ya shangazi.) Kwenye lile kundi la WhatsApp mweka hazina anabandika majina kila jioni, nani katoa na nani bado, na kila mtu anaona. Najua inavyouma jina lako kubaki chini pale na wewe ndiye "mtu wa ofisini". Lakini binamu yako ataoa hata ukitoa elfu ishirini. Pilau haitapungua sahani.

Kuanzia mwezi huu, ile laki na nusu iwe elfu sitini. Nimeongea na baba yako. Alikaa kimya, unamjua, akamaliza chai yake, akasema, "Kwani alikuwa anatoa wapi?" Hilo ndilo swali lililotakiwa kuulizwa na kujibiwa mapema, wala si la kumwonea mtu aibu. Dawa zake za presha nitanunua mimi. Mwajuma yuko kidato cha pili, shule ya serikali, ada huko ilifutwa tangu 2016. Kinachobaki ni madaftari, nauli na sare, na sare mama yake ni fundi. Bati za kile kibanda cha Kisemvule zitasubiri. Kuta zimesimama tangu kiangazi kilichopita, hazijalalamika.

Nikwambie kinachoninyima usingizi. Deni la laki mbili na ushee si mwisho wa dunia. Ninachokiogopa ni kwamba wewe unashika hela ya ofisi. Uliniambia mwenyewe kwa furaha, kwamba bosi amekuamini, ufunguo wa lile sanduku la matumizi madogo unalala na wewe. Halafu mtu huyohuyo anapigiwa simu kutwa mara kumi na watu wasio na adabu, wanamwambia saa kumi mwisho. Idrisa, hapo shetani hana haja ya kuja na mapembe. Anakuja na sauti ya kawaida kabisa, anakwambia chukua leo Ijumaa, mshahara ukitoka Jumanne unarudisha, hakuna atakayejua.

Nyuma ya nyumba yetu hapa alikuwapo mtu, wewe ulikuwa mdogo, akifanya kazi ya kutunza stoo. Mtu wa msikitini, mpole, watoto wake tulikuwa tunawashonea. Huyo hakwenda kuiba. Alikopa, kwa maneno yake mwenyewe. Mifuko michache ya saruji aliitoa mwisho wa wiki, anunue mingine Jumatatu airudishe. Jumatatu hela haikuingia. Akatoa mingine ili kuziba ile ya kwanza. Ulipokuja ukaguzi hesabu ilikuwa imeshavuka uwezo wake na wa ukoo wake. Walihama usiku. Mkewe alikuja kuniaga peke yake, akaniachia gauni ambalo hakuwa amelimalizia kulipa, nami nikamrudishia, nikamwambia nenda nalo.

Kwa hiyo ukibanwa, mpaka ukaona macho yanaelekea kwenye lile sanduku, funga, toka nje, nipigie. Hata saa nane za usiku. Hata kama sina kitu, nipigie.

Unajua daftari langu la madeni, lile lenye jalada jekundu. Januari watu wote wanataka sare siku moja, na hela hawana, krismasi na mwaka mpya vimewamaliza. Nashona sketi za marinda mpaka vidole vinakufa ganzi. Wengi wanatanguliza nusu. Ikifika siku ya kuchukua, wapo wanaokuja na nusu iliyobaki, hao wepesi. Wapo wanaokuja mikono mitupu, wanasimama mlangoni, wanasema, "Mama Idrisa, leo sina, ila mtoto shule inafunguliwa kesho." Huyo nampa sare. Namwandika, nampa. Na sijui kwa nini, hao huwa wanalipa, hata kama ni kwa elfu mbili mbili mpaka Machi. Wapo na wa tatu, anayeanza kupita uchochoro wa nyuma ili asipite mbele ya kibanda changu. Mimi namwona. Mtaa wenyewe huu, atapita wapi? Huyo sare yake inakaa kwenye msumari hadi mtoto anaizidi kimo, na mama yake ameanza kununia salamu zangu kana kwamba mimi ndiye ninayemdai vibaya.

Wewe miezi hii miwili ulikuwa unapita uchochoroni. Jumapili tatu mfululizo una dharura. Tumekulea kwenye vyumba viwili, hakuna kitu ambacho hatukukijua juu ya mwenzetu, mpaka nani ana fangasi za miguu. Aibu ya kutuambia "mama mwezi huu nimekwama" umeipata wapi?

Kuhusu mkataba wako unaoisha Machi, nisiseme mengi kwa sababu sikai ofisini. Usiwe unawanyenyekea kupita kiasi ili wakuongezee, na usifanye kazi za watu watatu kwa kuogopa kutajwa vibaya. Ukiisha na wasikuongezee, dai cheti chako cha utumishi, ni haki yako kisheria. Na kabla ya hapo nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango yako uone kama ile asilimia 10 unayokatwa, na ile 10 nyingine ya mwajiri, zimepelekwa kweli. Mteja wangu mmoja alikatwa muda mrefu akidhani anaweka akiba, siku ya kufuatilia akakuta miezi mingi haina kitu. Kampuni yenyewe ilishafunga. Kazi ikikatika, chumba chako cha zamani kipo, kuna vitambaa vya Mwajuma tu na ile cherehani ya kukanyaga. Tutaihamisha.

Sasa mpango. Kwenye mchezo wetu tuko kumi, elfu thelathini kila wiki, na zamu yangu ilikuwa bado mbele. Nimemwomba Mama Shadia tubadilishane, amekubali bila kuniuliza cha nini, ndiyo maana nampenda. Nimepokea Jumamosi laki tatu. Laki mbili na sitini hiyo ni ya kukutoa mdomoni mwa hao watu. Usitume kwanza. Njoo na simu yako tulipe pamoja hapa, Mwajuma apige picha ya uthibitisho, kisha uifute hiyo programu mbele yangu, na kwenye simu uondoe ruhusa zote ulizoipa. Nitazituma picha hizo mwenyewe kwa shangazi yako, maana kule habari mbaya imeshafika na nzuri haitafika isipopelekwa.

Hela hii si zawadi. Nimekufungulia ukurasa kwenye daftari jekundu, baada ya yule mwalimu wa Charambe. Elfu arobaini kila mwezi, mwezi wa mwisho elfu ishirini, riba hakuna. Mwezi ambao huna, unakuja mlangoni unasema, kama wanavyosema wateja wangu wengine. Nakukata elfu tisini kwenye ya nyumbani, nakudai arobaini, bado unabaki na nafuu ya elfu hamsini. Hiyo kula. Nimekwambia kula, sio kutoa mchango.

Slipu usisahau. Baba yako anataka kuiona kwa macho yake, amesema atawaambia mwenyewe wale wa kibarazani kwamba laki saba haikuwa laki saba. Sijui kama ataweza, ila amesema.

Kabla ya kuja, Jumamosi shuka Gerezani, ingia Kariakoo pale kwa wauza vifaa vya cherehani, unichukulie zipu nyeusi za inchi saba, dazeni mbili, na nyuzi za bluu bahari roli nne. Usikubali zile zipu za plastiki zinazotoa meno, vuta mbele yake mara tatu ndio ulipe. Nimekutumia elfu ishirini sasa hivi, imeingia? Hiyo ni ya zipu na nyuzi, na chenji naitaka.

Mama yako