Lipimeni Swali Kabla ya Kumpima Mtoto: Barua ya Wazi kwa Vijana Watafiti Mnaokuja Kigoma

Kwa wanachuo wa ualimu na wanafunzi wa vyuo vikuu mnaojiandaa kufanya utafiti katika shule za msingi za mkoa wa Kigoma.

Wanangu, nawasalimu kwa heshima na upendo.

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu aliyefundisha madarasa ya chini katika wilaya za Kasulu na Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na ambaye hata sasa huitwa na walimu wakuu kuwasaidia wageni wanaofika shuleni na kibali, dodoso na saa ya kuhesabu sekunde. Nafurahi kila mnapokuja. Mkoa wetu umeandikwa sana kwa habari za ziwa, za wakimbizi na za sokwe wa Gombe, na ni haki kabisa kwamba sasa aandikwe pia mtoto wa Heru Juu na wa Ilagala, ieleweke namna anavyojifunza kusoma, kuhesabu na kufikiri. Nina ushauri mmoja tu, ingawa nitauzungukia kwa njia kadhaa: kabla ya kumpima mtoto, lipimeni kwanza swali mnalomwuliza.

Katika masomo ya saikolojia ya elimu mmefundishwa habari za Jean Piaget wa Uswisi na jaribio lake la maji. Mtoto huonyeshwa bilauri mbili zenye maji sawa, naye akishakubali kuwa ni sawa, maji ya bilauri moja humiminwa katika bilauri ndefu na nyembamba, kisha huulizwa tena kama maji bado yanalingana. Watoto wengi walio chini ya umri wa miaka 7 hivi husema kwamba yaliyo katika bilauri ndefu yamezidi, na Piaget alihitimisha kuwa akili ya umri huo bado haijashika wazo kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilika umbo la chombo. Wanafunzi wengi ninaokutana nao huishia hapo, wakaja na bilauri zao hadi Kasulu kuona kama watoto wetu wamefika hatua hiyo au wamechelewa.

Msiishie hapo. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya jaribio la jamii hiyo huko Uskoti kwa safu mbili za vitu vya kuhesabia. Safari hii aliyeivuruga safu moja hakuwa mtafiti, bali dubu wa kuchezea aliyeletwa kana kwamba ametoroka kuja kuharibu mchezo. Watoto wa umri wa miaka 4 hadi 6 waliojibu sawasawa walikuwa wengi zaidi sana kuliko pale mtu mzima alipovisogeza vitu kwa mkono wake. Mwaka huohuo watafiti wengine, Susan Rose na Marion Blank, walionyesha kwamba swali likiulizwa mara moja tu, baada ya mabadiliko, badala ya kuulizwa kabla na baada, makosa hupungua. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichohesabiwa kuwa upungufu wa akili ya mtoto ilikuwa jitihada yake ya kumwelewa mkubwa: huyu amebadilisha vitu makusudi, ameniuliza tena swali lilelile, bila shaka anataka jibu jingine.

Sasa lichukueni jambo hilo mlilete nyumbani kwetu. Katika familia za huku mtu mzima hamwulizi mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe analijua. Anamwuliza mbuzi wako wapi, au mama ameelekea wapi, kwa sababu anataka kujua. Mkubwa akirudia swali, maana yake jibu la kwanza halikumridhisha, na adabu inamtaka mtoto alibadilishe au anyamaze. Mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho anapozungumza na mgeni na hatoi maelezo marefu mbele yake. Nimeshuhudia mtafiti akiandika "hajui" mbele ya jina la mtoto ambaye, mgeni alipotoka nje kupokea simu, alimweleza mwenzake jibu lote kwa Kiha, na sababu zake. Neno hilo lilibaki kwenye fomu, likaingia kwenye jedwali, na huenda likawa sehemu ya asilimia iliyosomwa mbele ya jopo la chuo.

Wenzetu waliofanya kazi barani Afrika waliliona hili zamani. Patricia Greenfield, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966 kuhusu watoto wa Kiwolofu nchini Senegal, aligundua kwamba watoto ambao hawakuwa wamesoma shule walidhani maji yamebadilika kwa sababu mtafiti, yule mgeni mkubwa, ndiye aliyeyamimina. Walipopewa nafasi ya kuyamimina wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana. Naye Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 matokeo yake kutoka Zambia, nchi tunayopakana nayo kusini mwa ziwa letu. Alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliwazidi Wazambia. Kwa waya Wazambia waliwazidi Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Kama angebeba karatasi peke yake angeandika kwamba mtoto wa Zambia ana shida ya kuona maumbo, na dunia ingemwamini. Piteni mitaa ya Ujiji jioni mwangalie magari ya waya wanayounda watoto wetu, yenye usukani unaogeuza magurudumu, ndipo mwamue mtapima maumbo kwa kitu gani.

Suala la kusoma ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa hiyo mniruhusu nikae hapo kidogo. Wengi wenu mnatumia kipimo cha kusoma kwa dakika moja, ambapo mtoto anasoma kifungu na nyinyi mnahesabu maneno aliyoyatamka sawasawa. Ni kipimo chenye manufaa, lakini kina mitego miwili kwetu. Wa kwanza ni kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote hata kama halijui. Mtoto wa kijiji cha Manyovu ambaye nyumbani wanazungumza Kiha anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, bila kusita, na asiwe ameelewa hata nusu yake. Msipouliza maswali ya ufahamu mtamwita msomaji. Mkiyauliza kwa Kiswahili pekee, hamtajua kama kilichomshinda ni kifungu au ni swali lenyewe. Wa pili ni urefu wa maneno yetu. Kiswahili hubana katika neno moja, kama "hawakunirudishia", jambo ambalo Kiingereza hulisema kwa maneno kadhaa; kwa hiyo viwango vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza haviwezi kutumika hapa kama vilivyo, na anayefanya hivyo anamdhulumu mtoto.

Kwa sababu hiyo nawasihi mwende na msaidizi anayekizungumza Kiha kwa ufasaha, awe ametoka tarafa hiyohiyo ikiwezekana, na maelekezo ya zoezi yatolewe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa bila jasho, hata kama kifungu chenyewe ni cha Kiswahili. Baada ya majibu ya Kiswahili, mpeni nafasi ya kusimulia kwa Kiha alichokisoma, na muandike matokeo ya pande zote mbili. Kikagueni pia kifungu chenyewe. Nimewahi kuona hadithi ya foleni ya magari na lifti ya ghorofa ikisomwa na watoto wa kijiji kinachofikiwa kwa boti tu. Kumbukeni vilevile kwamba zana nyingi mnazorithishana zilitengenezwa wakati wa mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015, wakati mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, hivyo si kila mtoto mtakayemkuta amefundishwa yale ambayo zana hiyo inayategemea.

Kuhusu Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti ambaye nanyi mnamtaja sana, nasema machache. Alifundisha kwamba ukuaji wa mtoto hauonekani tu katika kile anachokiweza peke yake, bali pia katika kile anachokiweza akisaidiwa na aliyemtangulia. Basi akishindwa, mpeni dokezo moja, lilelile kwa watoto wote, kisha mwandike kilichotokea. Watoto wawili wenye sifuri wanaweza kuwa mbali sana mmoja na mwingine, na mwalimu wa darasa anahitaji mno kujua ni nani kati yao aliyebakiza hatua moja.

Swali lenu linaweza kuwa jema na bado mkaliuliza siku isiyofaa. Katika vijiji vya mwambao wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Dagaa wakipatikana kwa wingi, watoto wengi huwa mchangani alfajiri wakisaidia kuanika, na wanaofika darasani wanasinzia. Mtafiti aliyepima mahudhurio na usikivu wiki ya giza na yule aliyepima wiki ya mbalamwezi wataandika habari za shule mbili tofauti, na kumbe ni moja. Milimani, mvua na msimu wa kupanda hufanya kazi hiyohiyo. Ulizeni kabla ya kupanga ratiba.

Umri nao usiandikwe kwa kukisia. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya kwanza yalipokea watoto wa umri mbalimbali kwa pamoja, na wapo wasio na cheti cha kuzaliwa. Anayechunguza ukuaji wa akili bila kujua umri hana anachokichunguza. Ombeni kadi ya kliniki, au kaeni na mama mtafute mwaka kwa matukio anayoyakumbuka.

Katika kuchagua watoto, msikubali kuletewa. Walimu ni watu wenye fahari na shule yao, nami nawaelewa, kwa hiyo watawaletea wanaong'ara. Chagueni kwa bahati nasibu kutoka daftari la mahudhurio, na aliyechaguliwa akiwa hayupo mfuatilieni nyumbani badala ya kumweka mwingine, kwa maana aliyekosekana ndiye mara nyingi mwenye habari mnayoitafuta. Tathmini za Uwezo, zinazopima kusoma na kuhesabu kwa watoto na zilizoanza nchini mwaka 2010, zilikwenda kwenye kaya kwa sababu ya namna hiyo: shuleni hutamkuta asiyefika shuleni.

Nawaomba pia muwe na kiasi katika mnachokidai. Utafiti wa KiuFunza, ulioendeshwa mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi na kuchapishwa mwaka 2019, uligawa shule kwa bahati nasibu: baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, baadhi walimu wake waliahidiwa bonasi kulingana na wanafunzi waliofaulu, baadhi zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata chochote. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Vyote viwili vilipokwenda pamoja, alama zilipanda. Hitimisho la aina hiyo linahitaji shule nyingi, kundi la kulinganishia na miaka. Mwenye shule tatu na wiki mbili hawezi kusema nini kinasababisha nini, lakini anaweza kufanya kazi ya thamani kubwa ambayo watafiti wa shule 350 hawana nafasi nayo: kuwafuata watoto kumi kwa muhula mzima, kuandika makosa yao ya kusoma moja baada ya jingine, na kuonyesha yanavyobadilika. Kazi kama hiyo ningeisoma usiku kucha.

Ridhaa ya mzazi iombwe kwa maneno anayoyaelewa, bila kumtanguliza mtendaji wa kijiji, kwa kuwa mbele ya mtendaji hakuna mzazi wa kwetu atakayekataa. Mtoto akionyesha kuchoka au hofu, achieni hapo hata kama fomu haijajaa. Majina ya watoto na alama zao yasiachwe mezani kwa mwalimu yeyote, na hakikisheni kwa mwalimu mkuu, kabla ya kuanza, kwamba hakuna atakayechapwa wala kuaibishwa kwa sababu ya alichowajibu.

Kazi ikikamilika, rudini. Tasnifu ikae chuoni, lakini shuleni leteni kurasa mbili au tatu za Kiswahili chepesi zinazosema mlichokikuta na mnachopendekeza, mzisome katika mkutano wa wazazi kukiwa na mtu wa kuzieleza kwa Kiha, na nakala moja ibaki kwa afisa elimu kata. Andaeni nauli ya safari hiyo tangu mnapopanga bajeti, isije ikawa jambo la kukumbukwa fedha zikiisha.

Kwa wale watakaofika muhula ujao, nawaomba madodoso yenu yaje wiki mbili kabla yenu, ili walimu wa darasa la kwanza na la pili wayasome, wawajaribie kwa watoto wachache wasiokuwa kwenye sampuli, na wawaonyeshe maswali yatakayoeleweka vibaya. Nimeongea na baadhi yao na wako tayari. Nami nitakuwepo kusaidia upande wa Kiha.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu,
Mwandiga, Kigoma