Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: tunaomba daftari la marehemu wa MV Bukoba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima naomba uipokee barua hii, ambayo nisingeiandika hadharani kama zile nilizoziwasilisha ofisini kwako zingejibiwa. Wiki iliyopita afisa wako alinirudishia maombi yangu, akanitaka nilete uthibitisho kwamba mama yangu mdogo alikuwamo ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Mheshimiwa, uthibitisho huo ndio ninaoutafuta kwenu.

Mama mdogo alipandia bandari ya Kemondo na mikungu yake ya ndizi, kwa tiketi ya daraja la tatu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa, majina 443, na hao peke yao walishazidi uwezo wa meli, ambao ulikuwa abiria 430. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana waliokufa hutajwa kuwa 894 katika maandishi mengine na karibu 1,000 katika mengine, na aliyelipa nauli ya chini hadi leo hatajwi kwa jina. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza chanzo cha ajali, lakini kazi ya kuwatafuta waliozama, mmoja mmoja, tumeachiwa ndugu.

Kazi hiyo naifanya kwa nauli yangu, nikipita nyumba kwa nyumba Muleba na Bukoba Vijijini, na kwa kila marehemu naandika alipopandia, nani alimsindikiza na alivaa nini. Bibi mmoja alinieleza kitenge cha kijani alichojifunga binti yake na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, akanishika na kuniuliza kama kuna aliyeiandika alama hiyo kabla ya mwili kuzikwa kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza. Naamini iliandikwa, kwa kuwa manusura mmoja aliniambia aliwaona makarani wakiandika daftarini nguo na alama za kila maiti. Manusura wenyewe walikuwa zaidi kidogo ya 100, nao wanazidi kupungua.

Ofisi yako iliniahidi kwa maandishi kwamba nitaruhusiwa kuliona daftari hilo, na barua ile ninayo. Nahisi mnahofia madai ya fidia, au labda majalada yamehamishwa na hakuna anayetaka kuyatafuta. Kama ni fidia, sidai hata shilingi. Kama daftari limeharibika, niambieni waziwazi, ili niache kuwapa wazee wale matumaini.

Mheshimiwa, naomba daftari la utambuzi wa miili. Sitaondoka nalo wala sitapiga picha. Nitakaa mbele ya karani wako, kwa saa mtakazonipangia, nilinganishe alama zilizomo na majina niliyokusanya. Naomba daftari hilo tu, na naomba jibu lenye sahihi yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Ndugu wa marehemu, Muleba