Tangazo la Galveston mmelikata katikati

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu sikukuu ya 19 Juni huko Marekani. Imeandikwa vizuri, ila mwandishi ameishia penye utamu: Jenerali Gordon Granger amefika Galveston, Texas, mwaka 1865, na watumwa wote wametangaziwa kuwa ni huru. Ni kweli. Lakini tangazo lile, yaani amri namba 3 ya Granger, ni la mistari michache tu, na mistari yake ya mwisho hamkuichapa. Ndani yake waliokombolewa wanashauriwa watulie palepale walipo, wafanye kazi kwa ujira. Wasikusanyike kwenye kambi za jeshi, wala wasitarajie kulishwa wakikaa bure.

Wakae bure! Mtu kachuma pamba ya bwana tangu utotoni bila hata senti, na siku ya kuambiwa yu huru ndiyo siku ya kuonywa uvivu. Tena vita vyenyewe, vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoleta uhuru huo, watu weusi wapatao 180,000 walivipigana ndani ya sare za jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini.

Onyo la namna hiyo likaingia hata kwenye sheria. Mwaka haujaisha, jimbo la Mississippi likamtaka kila mweusi aliyeachwa huru awe na karatasi ya kuonyesha ana kazi na makazi ifikapo Januari. Asiye nayo ni mzururaji. Akishindwa faini, anakodishwa kwa atakayemlipia. Ardhi ya pwani ya kusini ambayo Jenerali Sherman wa jeshi hilohilo la Muungano aliwatengea waliokombolewa, hadi ekari 40 kwa familia, Rais Andrew Johnson akaamuru warudishiwe wenyewe wa zamani.

Sisi wa Unguja tusijifanye wageni wa habari hizi. Amri ya Sultani Hamoud ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, kisha aonyeshe anakaa wapi na anakula nini, la sivyo naye ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakupewa haki hiyo hadi 1909. Fidia alipewa bwana, kama ilivyokuwa Washington mwaka 1862, ambako wenye watumwa walilipwa hadi dola 300 kwa kichwa.

Naomba toleo lijalo mlichape tangazo lile zima. Nafasi haitakosekana, ile picha ya fataki imekula robo ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Unguja