Bibi Titi si jina la barabara tu

Mhariri,

Juzi nikiwa kwenye daladala nilimsikia kijana akimuuliza mwenzake, "Hivi huyu Bibi Titi mwenye barabara alikuwa nani?" Mwenzake akajibu, "Labda mke wa waziri fulani." Abiria tukacheka, lakini mimi kicheko kilinikwama kooni.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na shule yake iliishia msingi. Mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ikiwa changa na wanawake wakihesabika kwa vidole, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaingiza. Hakuanzia kwa wasomi. Aliziendea ngoma zenyewe, wapika pombe, wauza maandazi. Akina mama wa baibui ambao hata kwenda sokoni waliomba ruhusa. Wakanunua kadi. Yeye akapanda majukwaani, akahutubia wanaume, enzi ambazo mwanamke kufanya hivyo aliitwa kila jina.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kumsahau, maana jina lake likawa zito kutamkwa. Akafariki mwaka 2000.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo: chini ya kile kibao cha barabara ongezeni mistari miwili mitatu inayomweleza. Foleni ya pale inatosha kuisoma mara kumi.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam